Aliyemo Ndani ya Mashine

Mama Kanyere alipompigia Élisée simu kumwambia kwamba kompyuta ya nyumbani ina joto kama sufuria ya maharagwe, na feni yake inalia tangu asubuhi ilhali hakuna mtu aliyeikalia, Élisée aliuliza maswali yote ambayo fundi huuliza. Imeingia vumbi? Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu? Kuna mtu amechomeka kitu cha mtaani? Aliuliza kwa sauti ya upole, ya daktari anayempenda mgonjwa wake. Jibu alikuwa nalo mwenyewe, kwa sababu ugonjwa ule ni yeye aliyeutia.

Ndiyo. Tuliseme mapema, nisije nikaambiwa nimemfichia mtu. Élisée, kijana wa watu, mwenye duka la kutengeneza kompyuta jirani na kambi ya Katindo mjini Goma, mwimbaji wa kwaya ya parokia, alikuwa na mchezo wake. Kila mashine iliyopita mikononi mwake kutoka nyumba yenye mtandao mzuri, aliiachia kitu ndani: programu ndogo ya kuchimba sarafu za mtandaoni, zile pesa ambazo hakuna anayezishika mkononi. Mwenye mashine ananunua umeme, mashine inachemka, faida inaingia kwenye simu ya Élisée. Na programu ile ilikuwa na akili ya mwizi. Mtu akigusa kipanya, inanyamaza kimya. Mtu akiondoka, inarudi na kuikamua prosesa mpaka tone la mwisho.

Wateja wengine wacha walie. Lakini nyumba ya Mama Kanyere kule Himbi haikuwa nyumba ya mteja. Ilikuwa nyumba ya Prodige, na Prodige na Élisée walikaa dawati moja tangu shule ya msingi, wakajifunza kompyuta pamoja, wakagawana mkate na viatu. Prodige alikuwa amepata kazi ya kufunga kompyuta kwenye kituo cha afya huko Kalengera, barabara ya Rutshuru. Alienda, akafika, akapiga simu kusema amefika. Kisha vita vikaingia katikati, barabara ikafungwa, simu yake ikazimika. Miezi ikapita. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yuko hai, na mama yake akawa mtu wa kukaa tu kwenye kiti, hali chakula, hasukwi nywele, haendi misa.

Ni katika siku zile za risasi umeme ulipopiga ile kompyuta ikaungua kidude chake cha kupokea umeme. Fabiola, mdogo wake Prodige, ndiye aliyeipeleka Katindo akiwa ameifunga kwa kitenge. Mtu mwenye haya angeitengeneza bure akairudisha safi. Élisée aliitengeneza bure, hilo ni kweli. Safi, hapana. Alijiambia nyumba ile haina mtu tena wa kuelewa mambo ya mashine, basi nani ataona? Jamani, kuna watu wana macho makavu.

Sasa siku hiyo alipokwenda kuitazama, alikuta Mama Kanyere anamngoja getini, amejifunga kitenge cha Jumapili. Alimshika mkono akampitisha nje, kando ya ukuta wa mawe meusi, mpaka chini ya dirisha la chumba cha Prodige.

"Usiingie kwanza," alimnong'oneza. "Sikiliza."

Feni ilikuwa inalia ndani, mfululizo.

"Umesikia? Hakuna mutu mule. Fabiola eko jikoni. Sasa ingia, gusa."

Élisée aliingia, akagusa kipanya. Feni ikashuka, ikanyamaza. Mama Kanyere alikuwa amesimama mlangoni, viganja viwili kifuani.

"Njo yeye," alisema.

"Njo nani, Mama?"

"Prodige! Nani mwingine? Umesahau? Si alikuwa anaingia humu akiwa mbali? Alipokuwa Beni kwa kazi, nikimwambia mashine imekwama, ananiambia, mama, usiguse kitu, mimi niko ndani. Naona kale kamushale kanatembea kenyewe, kanafungua, kanafunga. Nakaa naangalia tu, nafurahi. Sasa anajificha. Kule eko kuna watu hawapendi aonekane. Akisikia mutu amegusa, anaogopa, anatoka. Akiona hakuna mutu, anarudi kutumika, kufanya kazi yake. Mutoto wangu eko muzima, Élisée." Akavuta pumzi. "Wewe unajua hivi vitu. Kama nadanganyika, niambie. Sitakasirika."

Élisée alifungua ule ukurasa unaoonyesha kazi ya prosesa, ili tu apate mahali pa kuweka macho. Mstari ulikuwa umetoka juu kabisa ukaanguka chini, pale pale mkono wake ulipogusa. Alikuwa na jibu tayari tangu Katindo: vumbi. Angesema vumbi, angefungua mashine, angepuliza, na huku akipuliza angekifuta kile kitu chake, na habari ingekwisha. Fabiola alikuwa amekuja kusimama nyuma ya mama yake, mikono bado ina unga.

"Yaya Élisée," Fabiola alisema, akimwita kaka kama kawaida yake, "si inaweza kuwa virusi?"

Binti alikuwa amepiga pale pale. Akisema ni virusi, wataulizana vimeingia lini, na nani aliyeigusa mashine mara ya mwisho. Akisema vumbi, mama atajibu kwamba vumbi halijui kama chumba kina mtu au hakina.

"Virusi nimeangalia, hakuna," alisema. Kisha akamgeukia Mama Kanyere. "Mama, inawezekana."

Neno moja tu. Mama Kanyere aliketi kitandani kwa mwanawe, akafunika uso kwa kitenge, akalia kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Baadaye Élisée alijiambia kwamba alifanya vile kwa huruma. Bongo, uongo mtupu! Huruma ilikuwemo, kijiko kimoja. Chungu chote kilichobaki kilikuwa woga wa kujulikana.

Kuanzia hapo nyumba ile iligeuka. Mama Kanyere alianza kula. Alisukwa, akarudi misani, akatoa sadaka ya shukrani. Chumba cha Prodige kikawa hakiingiwi. Fabiola, aliyekuwa akiandika kazi yake ya kumaliza masomo kwenye ile kompyuta, aliambiwa akaandikie kwa rafiki yake Rosette. "Usimusumbue kaka yako, eko kazini." Umeme ukiisha, unanunuliwa kwanza umeme, unga baadaye. Padri alipouliza kwa upole kama jina la Prodige litiwe katika misa ya marehemu, Mama Kanyere alimjibu mbele ya watu kwamba marehemu hawatumii umeme.

Na Élisée? Élisée alikuwa mgeni wa heshima. Kila akipita Himbi anawekewa sambaza, vile visamaki vya ziwani, na bugali, anaitwa mutoto wangu. "Nenda usikilize kidogo, uniambie anaendeleaje." Naye anakwenda chini ya dirisha, anasikiliza, anarudi na uso wa mtu aliyetoka kumwona mgonjwa akipata nafuu. "Eko anatumika sana leo, Mama." Hata kukiondoa kile kitu sasa hakuweza, kwa sababu feni ikinyamaza, mama ataamini mtoto amekufa, na atamwita nani aeleze? Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, lakini ya Élisée ilikuwa bado inateremka vizuri tu.

Kisha akaja mtu wa Kalengera.

Alikuja mchana, amevaa buti za shambani na koti lililofungwa kifungo cha juu, akabisha getini na kuita hodi kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyarwanda. Aliitwa Twagirimana. Ni mkulima, alisema, shamba lake liko nyuma ya barabara kuu. Mama Kanyere alikuwa barazani anachambua maharagwe, Fabiola kando yake, na Élisée, kama kawaida, alikuwa na sahani mbele yake. Walimpa mgeni kiti. Alikaa ukingoni, kofia magotini.

"Mama," alisema, "Prodige ni mutoto wako?"

Maharagwe yalimwagika kutoka ungoni.

"Eko kwangu. Mimi na bibi yangu wa ndoa, Nyirarukundo, tulimupata kando ya njia, pikipiki aliyopanda ilimuangukia akikimbia vita, na waliomupita walichukua simu yake. Muguu ulivunjika. Tumefunga kwa miti, tumetia majani, tukangoja njia ifunguke, lakini sasa kidonda kimeanza kunuka. Kituo cha afya kiliporwa, dawa kule hakuna, na rezo ya simu hakuna. Anahitaji gari, na anahitaji mutu wa jamaa yake. Mimi nikimubeba peke yangu, kwenye vizuizi wataniuliza kijana huyu ni wa nani, anatoka wapi, nani alimuumiza, na hatutafika. Aliniambia nikuje kwa mama yake. Nipe mutu mumoja tu, twende naye. Feza sikuombi."

Fabiola alikuwa tayari amesimama. "Naenda mimi. Naenda sasa."

"Kaa," Mama Kanyere alisema. Hakumwondolea mgeni macho. Goma ile, mama yeyote aliyepotelewa na mtoto amekwisha kupokea wageni wa namna hiyo: huyu ameota, yule ameonyeshwa kwenye maombi, mwingine anajua jela ambayo mtoto amefungwa ila anataka nauli kwanza. Na huyu alikuwa na jina lile, na lafudhi ile, na mama alikuwa mtu wa Butembo aliyekulia kwenye hofu za watu wake juu ya wasemaji wa Kinyarwanda. "Unasema eko kwako. Leo pia alikuwa kwako?"

"Leo, jana, na mbele ya jana, Mama. Hawezi kusimama."

"Na jana alikuwa anatumika humu nyumbani mwangu mpaka jioni."

Twagirimana hakuelewa. Ikabidi aelezwe: mashine, chumba, feni inayolia watu wakiondoka na kunyamaza wakigusa. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama, mimi mashine sizijui," alisema. "Mimi najua kijana mwenye kovu hapa tumboni. Aliniambia ni maharagwe ya moto, alijimwagia akiwa mudogo, na wewe ulimubeba mugongoni mpaka hospitali ukikimbia bila viatu."

Mama Kanyere aliinuka. Akamgeukia yule pekee katika nyumba ile anayejua mambo ya mashine.

"Élisée. Mutu hana simu, hana rezo, hana muguu. Anaweza kuingia mule?"

Hapa, wasomaji wangu, nawaomba mmwangalie vizuri. Barazani palikuwa na watu wanne, na zaidi ya mgeni mwenyewe, mmoja tu alijua kwamba anasema kweli. Alijua kwa hakika, kuliko hata mama, kwa sababu alijua kilichomo ndani ya mashine, na Prodige hakuwemo. Rafiki yake alikuwa amelala Kalengera mguu unaoza. Na Élisée alifikiri nini? Alifikiri kwamba Prodige akirudi, hata akirudi na mguu mmoja, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuketi mbele ya kompyuta yake. Na atajua kabla chai haijapoa.

"Hawezi, Mama," alisema.

"Na kovu?"

"Kovu linaonekana kwa kila mutu aliyemuvua mwenzake shati." Akaweka sahani chini. "Habari ya hospitali pia, mutu akipigwa atasema yote. Mama, umusikie vizuri anavyosema, na uangalie anatoka wapi. Anataka mutu mumoja wa jamaa, apande naye gari, aende naye. Huo ni mutego. Watamuchukua na Fabiola, halafu watakupigia simu."

Twagirimana alimtazama. Hakupandisha sauti.

"Wewe njo Élisée? Alinitajia wewe. Alisema kama mama anaogopa, Élisée atakuja."

"Alikutajia, au ulisoma kwenye simu yake mulipomunyang'anya?"

Basi. Mama Kanyere alikwisha kuokota ungo. Alimwambia mgeni atoke, akamwambia kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, maneno ya kabila na ya damu, na Fabiola alikuwa analia akimshika mama yake mkono. Twagirimana alivaa kofia yake. Getini aligeuka mara moja tu akasema kidonda hakingoji, kisha akaenda zake akiinama kupisha chukudu, baiskeli ya mbao, iliyobeba makaa.

Mama Kanyere aliingia ndani moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha Prodige. Hakuingia. Alipiga magoti kizingitini. Alikuwa amemfukuza mgeni, lakini lile kovu lilikuwa limemwingia. Élisée alibaki uani, chini ya dirisha, akamsikia.

"Prodige, mutoto wangu. Kama eko wewe mule, unijibu. Niambie tu kwamba hauko kwa yule mutu. Nijibu, nitulie."

Mashine wakati ule ilikuwa inanguruma chini chini, kwa sababu Élisée alikuwa ameipunguza ili umeme usiishe upesi mno, wema wake huo. Sasa ile programu alikuwa anaiongoza kwa simu, popote alipo. Alitoa simu mfukoni. Kidole kilisita, hilo tumpe, kilisita. Kisha akaipandisha mpaka juu.

Feni ikapaa. Ikalia kwa nguvu ambayo hawakuwahi kuisikia nyumbani mule, na ndani Mama Kanyere akapiga kelele ya furaha, akapiga paji la uso sakafuni, akamshukuru Mungu, Bikira Maria na mwanawe. "Fabiola! Kuja usikie! Amenijibu! Kaka yako amenijibu!"

Fabiola alikuwa mlangoni pa jikoni, macho uani, hakuja kusikia. Alikwenda Katindo kesho yake, akamkuta Élisée dukani, akamwomba kwa machozi wafuatilie hata kwa siri, mama asijue. Wewe una wateja wenye magari, alisema, una watu wanaopita barabara ile. Élisée alimwahidi. Alimshika bega akamwahidi. Juma lililofuata alimpelekea jibu: ameuliza watu wa uhakika, Kalengera hakuna mkulima wa jina hilo, hakuna mgonjwa, kituo cha afya chenyewe hakina habari. Hakuwa amemwuliza hata mwendesha pikipiki. Fabiola alimwambia aksanti, yaya.

Siku zikaenda. Élisée alianza kulala vibaya, akapungua uzito. Msimwonee huruma, asubuhi alikuwa anaamka na kufungua duka. Mara mbili tatu alijisemea kwamba labda Twagirimana amepata msaada mahali pengine, labda padri, labda gari la wazungu. Mtu anayetaka kuamini kitu hakosi labda.

Twagirimana alirudi mwanzoni mwa mvua.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, na Mama Kanyere alikuwa amealika majirani kwa chai baada ya misa. Élisée alikuwepo. Gari lilisimama nje, pickup ya kubeba viazi. Mara hii Twagirimana hakubisha hodi ya mgeni. Alisimama getini kofia mkononi, na alipopewa kiti alikataa.

"Sitakaa, Mama. Nimekuja kukuambia tumemuzika. Nyuma ya nyumba yangu, kwenye mukaratusi. Padri alikuja. Bibi yangu alimuosha, alimuvalisha shati yangu." Akaingiza mkono kotini akatoa rozari ya mbao, rangi imebanduka. Mama Kanyere aliijua kabla haijamfikia. Ilikuwa ya marehemu mume wake, na Prodige hakuwa akiivua shingoni.

Hakupiga kelele. Majirani ndio walioanza. Yeye aliishika ile rozari, akakaa chini barazani, miguu imenyooka mbele, na kutoka chumbani, kupitia mlango ulio wazi, feni ilisikika inalia kwa bidii.

"Nilipotoka huku siku ile," Twagirimana aliendelea, "alinikuta nina sura mubaya, akaniuliza. Nikamuambia mama anasema wewe eko ndani ya mashine. Nikamueleza yote, inanyamaza wakigusa, inalia wakiondoka. Unajua alifanya nini? Alicheka. Na homa yake yote, alicheka mpaka muguu ukamuuma. Akasema, Papa Twagirimana, hicho ni kitu cha wezi. Wanakitia kwenye mashine ya watu ili kiwatumikie, kinakula umeme, na kinajificha ukikiangalia. Akasema, hakuna neno. Élisée anapita kwetu kila siku. Élisée atakitambua, ni kazi yake. Na akikitambua, atajua kwamba mimi simo mule, atasema yule muzee hakudanganya, na atakuja kunichukua yeye mwenyewe. Basi akangoja. Kila gari likipita, ananiuliza kama ni wewe, Élisée."

Sasa alikuwa anamwangalia Élisée tu.

"Sikumuambia kwamba ni wewe uliniita mwizi. Nilimuambia mama alikataa, nikaishia hapo. Mutu mugonjwa haumuui mara mbili."

Élisée alitikisa kichwa pole pole, akajifuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini machozi ya kweli hutoka kwa sababu nyingi. "Mungu wangu," alisema. "Kumbe nilishindwa kukiona. Kimejificha vizuri sana, Mama. Nisamehe. Nilishindwa."

Mama Kanyere aliinuka kwa kushika nguzo.

"Kitoe," alisema.

"Mama, leo ni siku ya kilio, nitakuja..."

"Prodige amesema wewe utakitoa. Kitoe. Sitaki nisikie kile kitu kinalia nyumbani mwangu tena."

Akaingia chumbani, na wote wakamfuata: Fabiola, Twagirimana mpaka mlangoni, majirani wakijaza ukumbi. Élisée akaketi kwenye kiti cha Prodige. Alipogusa kipanya, feni ilishuka, ikakata. Alitaka jambo moja tu, kumaliza na kutoka. Akafungua, akaingia ndani zaidi, akaingia tena, katikati ya mafaili ya printa ambayo nyumba ile haikuwahi kuwa nayo, akakikamata, akakifuta, akakifuta tena kule kinakotupwa. Haikuchukua hata muda wa kusoma Baba Yetu. Aliegemea nyuma, akapumua.

"Kimeisha, Mama."

Mama Kanyere alikuwa amesimama nyuma yake, anaangalia kioo.

"Haukutafuta," alisema.

"Nini, Mama?"

"Mimi nilikaa hapa miaka nikimuangalia mutoto wangu. Mashine ikiwa na shida, hata kidogo, alikuwa anafungua huku, anafunga kule, anajikuna kichwa, anasema mama ngoja, bado sijaiona. Wewe ulisema ulishindwa kukiona. Sasa hivi haukutafuta. Ulienda moja kwa moja mahali iko."

Fabiola aliweka mkono mdomoni.

"Ni nani aliitengeneza mashine hii mara ya mwisho?" Mama Kanyere aliuliza. "Na siku ile nilipiga magoti pale nikimuita mutoto wangu, wewe ulikuwa wapi?"

"Uani," alisema Fabiola, sauti imepasuka. "Alikuwa uani, mama. Alikuwa na simu mukononi. Nilimuona."

"Ni nani alinijibu, Élisée?"

Angeweza kudanganya tena. Lakini mama alikuwa ameinama mpaka macho yao yakawa sawa, na pumzi yake ilikuwa inampiga usoni.

"Ni mimi, Mama."

Ukumbini mtu alianza kulaani, mwingine akasema ashikwe, na jirani mmoja alikwisha kukunja mikono ya shati. Mama Kanyere aliwanyamazisha kwa kiganja. Alinyooka, akajitandika kitenge vizuri begani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kumtuma mtoto sokoni.

"Papa Twagirimana, gari lako linarudi lini?"

"Sasa hivi, Mama. Linaningoja."

"Utamubeba huyu. Umuonyeshe mahali ulimuzika mutoto wangu, na umupe jembe. Atamutoa, atamuleta hapa azikwe kando ya baba yake."

"Mama," Élisée alisema, amekwisha kupiga magoti, ameshika pindo la kitenge chake, "Mama, nakuomba, ile barabara... nitalipa watu, nitatafuta..."

"Alikungoja wewe," Mama Kanyere alisema. "Nenda."

Twagirimana alirudi nyuma mpaka getini, akalifungua lote, akasogea kando ili Élisée apite mbele.